Jostiki Ndani ya Kanga

Jumapili jioni, nikiwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, husikia ndege ikiwashwa chumbani kwa binti yangu. Si ndege hizi za leo zenye sauti ya mluzi. Ni ile ya zamani ya vita, yenye pangaboi puani, inayokohoa kwanza kama mzee aliyeamshwa usingizini, ikatema moshi, kisha ikashika mngurumo mmoja mzito unaotikisa vikombe kabatini. Zuhura yuko kidato cha tatu. Akishafua sare zake na kuzianika, mimi humruhusu akae kwenye kompyuta apigane angani na watu asiowajua, wengine wa Mwanza, wengine wa Mombasa, wengine wa nchi ambazo hapa Madale hatuna haja ya kuzitaja. Wenzake hao wanaongea muda wote na sauti zao zinajaa nyumba. Zuhura haongei. Nilikuwa nikidhani ni adabu niliyomlea nayo.

Jumapili moja ya karibuni sauti ya kijana ikatoka kwenye spika, Kiswahili chake cha mjini kabisa. "We, acha kudokoadokoa. Shuka chini upigane kiume."

Nilisimama na kifuu mkononi. Tui lilikuwa halijakamuliwa na mchele ulikuwa unaloa maji, lakini mimi sikuwa Madale tena. Nilikuwa Kinondoni, miguu peku kwenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa, pua imejaa harufu ya vumbi linaloungua ndani ya mashine, na hasira niliyodhani imeshakufa imenirudia vilevile kama siku ile. Naomba mnivumilie niwasimulie, maana nimechoka kuibeba peke yangu huku kila mtu akiniambia kwamba ulikuwa utani tu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Biashara ilishafunguliwa, na vile vitu ambavyo kaka zetu walikua wakivisikia tu, sisi tulivikuta vimerundikwa barazani vinauzwa: redio, friji, majaketi ya baridi katika mji usiojua baridi. Ndipo zikaja kompyuta za mtumba. Bwana Maganga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alinunua mbili kwa mtu wa bandarini, akatoa makochi yote sebuleni kwake, akazipanga juu ya meza na kutundika kibao mlangoni kwamba hapo panafundishwa kuchapa. Asubuhi walikuja dada wa maofisini wakiwa wamejipaka poda. Mchana baada ya shule tulikuja sisi watoto wa mtaa, kwa sababu ndani ya mashine zile mwenyewe alikuwa ametia mchezo wa ndege za vita, na kwa waya mmoja mweusi uliopita chini ya meza watu wawili waliweza kukutana angani, kila mmoja akiwa kwenye kioo chake.

Kuingia kulikuwa na masharti. Unavua ndala mlangoni, unanawa mikono kwenye ndoo, na huruhusiwi kupumua karibu na kioo, kwani Bwana Maganga aliamini pumzi inaleta kutu. Chini ya meza kulikuwa na stebilaiza ya kutuliza umeme, iliyokuwa ikinguruma kutwa nzima. Umeme ukipungua ilibadilisha sauti, na chumba kizima kinanyamaza kama watu wanaosikiliza mgonjwa. Ukikatika kabisa tunatoka nje kimya kimya, na yule aliyekuwa anakaribia kushindwa ndiye anayecheka peke yake.

Sasa lazima niwaeleze habari ya utani, la sivyo hamtaelewa nilivyodhulumiwa. Sisi ni Wazaramo, wenyeji wa mji huu tangu haujawa mji. Bwana Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Watu hawa wawili ni watani, na mtani ana ruhusa ambazo ndugu wa damu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe na kukaa nacho mpaka umkomboe kwa chochote anachokitaka, na wewe kazi yako ni kucheka na kukomboa. Babu yangu alipofariki, Bwana Maganga aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali na suruali yake ya kitambaa, akasema Mzaramo akatafute kwingine pa kulala, hapa pameshapata mtu. Wazee wakambembeleza, wakamkomboa, akatoka anajikung'uta udongo. Bibi yangu, Bi Tatu, ambaye alikuwa hajala tangu msiba uanguke, alipoletewa habari hiyo alicheka mpaka machozi mengine yakamtoka, na jioni ile akakubali uji. Kwa hiyo sisemi kwamba utani ni mbaya. Nasema una sheria zake, na mimi sheria zile nilizijua.

Turudi kwenye ndege. Zilikuwa za aina mbili. Moja nyepesi, inakunja kona kabla hujamaliza kuifikiria. Nyingine nzito, pua nene, ambayo ukitaka kuigeuza unaanza kwa dua. Wavulana wote walichagua nyepesi, na mapigano yao yalikuwa ya namna moja tu. Wakishaonana wanaanza kuzungushana, huyu anautafuta mkia wa yule na yule anautafuta wa huyu, duara linabana, mbio zinaisha, wanazidi kushuka huku wanazunguka mpaka wanafagia miti kwa matumbo. Atakayekaa nyuma ya mwenzake anafyatua, na chumba kinalipuka kwa kelele. Mshindi anabaki kwenye kiti, aliyeshindwa anainuka. Bingwa wa kuzungushana alikuwa Sudi, mtoto wa baba yangu mkubwa, aliyekuwa akilelewa kwetu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kweli, simnyimi haki yake.

Mimi nilikuwa msichana pekee mle ndani na zamu yangu ilikuja wenyewe wakishachoka. Nilipewa ile nzito kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mwanzoni nilizungushana nayo kama nilivyoona wengine wakifanya, na niliangushwa kila mara, wakacheka, nikainuka.

Lakini mtaani kwetu palikuwa na mteremko unaoshuka bondeni na kupanda upande wa pili, na baba mdogo alikuwa na baiskeli iliyokatika mnyororo. Tulikuwa tunaisukuma mpaka juu, tunaipanda, tunaiachia. Ukiiachia kutoka juu kabisa, mbio za kushukia zinakupandisha upande wa pili bila kukanyaga pedali. Ukipiga kona njiani ili uwaringie watu, mbio zinapotea, unabaki bondeni unasukuma. Siku moja nikiwa kwenye kiti cha Bwana Maganga, naangushwa tena, nikaona kwamba ile ndege nzito ni baiskeli ya baba mdogo. Kila ukikunja kona unalipa kwa mbio zako. Ukishuka unapata mbio, ukipanda unaziweka akiba huko juu. Aliye juu anachagua saa ya kupigana, na aliye chini anangoja kuchaguliwa.

Basi nikaacha kuzungushana. Pambano likianza, namwacha mwenzangu aje, mimi nainua pua kidogo na kupanda zangu kwa upole, simtazami hata. Nikishakuwa juu yake, naigeuza ndege tumbo juu, naiachia imwangukie. Nafyatua mara moja tu, na simlengi yeye, nalenga mbele yake, pale anapokwenda kuwa. Nikimkosa simfuati. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana mkono wote unatamani kukunja na kumfuata. Napita naye, natumia zile mbio kupanda tena, nakaa juu, narudi. Akiniinulia pua anifuate huko, ndege yake nyepesi inaishiwa nguvu, inasimama angani kama imetundikwa kwenye kamba ya nguo, na mimi nageuka taratibu kumshukia. Na nikijikuta yeye ndiye aliye nyuma yangu, sizungushani naye, nainamisha pua na kushuka moja kwa moja, kwa sababu nzito inashuka kwa kasi kuliko nyepesi, na anayenifuata bila kujua mabawa yake yanaanza kutetemeka.

Niliwaangusha wote. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeniuliza nafanyaje. Walinipa jina. Walisema Mwanaidi anadokoa. Kama mtoto anayefunua chungu cha mama yake, akachomoa mnofu, akafunika, akakimbia. Kila nikishuka, nyuma yangu wanaimba, anadokoa, anadokoa. Sudi niliyemwangusha mara nyingi kuliko wote alisema kwa upole kabisa kwamba kushindwa na mtu anayekimbia si kushindwa. Nikamwambia mbona wewe ndiye unayeanguka. Wenzake wakasema nina mdomo.

Hapo ndipo likaja lile jambo la simu. Bwana Maganga alikuwa amenunua modemu, kisanduku kidogo chenye taa nyekundu kinachochomekwa kwenye waya wa simu, na kwa kisanduku hicho kompyuta ya Kinondoni iliweza kupigiana simu na kompyuta ya mbali na ndege zikakutana humo ndani. Rafiki yake mmoja alikuwa na darasa kama lake huko Upanga, na vijana wa huko walisifika kwamba hawajawahi kushindwa na mtu. Wakakubaliana Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, kila upande utoe mchezaji mmoja. Mtaa mzima ulisikia. Nawaambieni, sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyokitaka kiti kile. Wakati ule sisi wa Kinondoni tulikuwa tukienda Upanga kusalimia ndugu wenye kazi nzuri, tunakaa ukingoni mwa kochi tumebana magoti. Sasa nilikuwa nakwenda kukutana na mtu wa Upanga mahali ambapo kochi halipo.

Tukafanya mchujo. Nikawashinda wote, na Sudi nikamshinda wa mwisho. Niliinuka kwenye kiti kwa furaha. Bwana Maganga akajikuna shavu.

"Haya. Jumamosi atacheza Sudi."

"Mtani, mie nimemshinda Sudi."

"Umemdokoa. Hujapigana naye wewe. Mie siwezi kuaibishwa na watu wa Upanga, waseme Kinondoni tunapigana kwa kukimbia." Kisha akawageukia wengine, sauti yake ya kuchekesha watu. "Na tena Mzaramo anafuata nini angani? Huko hakuna ngoma. Nenda kamsaidie bibi yako vitumbua."

Walicheka wote, maana sisi Wazaramo tunatajwa kwa kupenda ngoma. Nilitafuta ndala zangu mlangoni sikuziona kwa machozi, nikatoka peku. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani anapeta mchele. Nilimweleza kila kitu, na pale nilipofika kwenye ngoma, bibi yangu mwenyewe, damu yangu, akacheka.

"Mtani wako huyo, mwanangu. Ukinuna umeshindwa."

"Bibi, kanidhulumu."

"Mtani hadhulumu. Anatania."

Baba alipotoka kazini akasema mtoto wa kike na ndege wapi na wapi, na kama nina nafasi kubwa hivyo nikashike kitabu cha hesabu. Nililala nimegeukia ukuta. Hebu fikirieni ukatili wa jambo hilo. Mtu anakunyang'anya kitu chako, kisha anakunyang'anya na ruhusa ya kukasirika.

Lakini hayo si kitu mbele ya nililolisikia kesho yake. Dirisha la sebule ya Bwana Maganga lilitazama uani kwetu, nami nilikuwa naosha vyombo chini yake. Alikuwa ndani na Sudi, anamfunza.

"Chukua hii nzito. Ukimwona usimwendee, panda kwanza. Ukishakuwa juu ndiyo umshukie. Usizungushane naye hata kidogo. Piga, pita, panda. Umenielewa?"

"Kama Mwanaidi," Sudi akasema.

"Aa, hii ni mbinu ya vita," akasema Bwana Maganga.

Sufuria liliniponyoka. Mimi nikifanya ilikuwa kudokoa, Sudi akifanya imekuwa mbinu ya vita. Ndege ileile, mbingu ileile, hata maneno yalikuwa yangu, maana ule wimbo wa piga, pita, panda nilikuwa nikijiimbia mwenyewe nikicheza na yeye alikuwa amesimama nyuma yangu anasikia. Nilibaki nimechuchumaa na mikono imejaa majivu ya kusugulia, na kilio kikaniisha. Kwa mara ya kwanza nilianza kufikiri kama ninavyofikiri angani. Nilikuwa nimezungushana nao chini wanakokutaka wao, nalia, nabishana, namalizwa mbio. Ilibidi nipande.

Jumamosi sebule ilijaa hadi mlangoni. Wanaume wazima walikuja, fundi cherehani aliacha nguo za watu, bibi naye aliletewa kigoda barazani kwa Bwana Maganga ili aone hiyo simu ya ndege. Sudi alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ameoga, amechana nywele. Mimi niliingia nimejitanda kanga ya bibi.

"Shikamoo, mtani," nikamwambia Bwana Maganga.

"Marahaba, mtani. Umekuja kutuletea vitumbua?"

Nilipiga magoti, nikapita chini ya meza, nikachomoa jostiki, kile kijiti cha kuendeshea ndege, nikakizungushia kanga na kutoka nacho barazani, nikakaa chini kando ya miguu ya bibi. Jostiki ya mashine ya pili ilikuwa imevunjika shingo tangu mchujo, na kuendesha ndege ile kwa kibodi ni sawa na kula ugali kwa sindano.

Bwana Maganga akatoka nyuma yangu. Alikuwa anacheka bado. "Lete basi, mtani, muda umefika."

"Komboa," nikasema.

Fundi cherehani akacheka, na mwingine, na kicheko kikaenea hadi barabarani. Bwana Maganga akaingiza mkono mfukoni akatoa sarafu. Nikatikisa kichwa. Akaagiza soda. Soda ikaja ya baridi, inatoa jasho, nikaitazama na koo langu limekauka, nikatikisa kichwa.

"Sasa huyu mtoto anafanya ujinga," akasema, na sauti ya kuchekesha ilikuwa imemtoka. "Watu wa Upanga wanangoja. Bi Tatu, mwambie mjukuu wako."

Bibi alimtazama. "Wewe si ulilala kwenye kaburi la mume wangu?"

"Ule ulikuwa utani, mama."

"Na huu nao utani. Sisi tulikukomboa, hatukununa. Mtani kashika kitu. Komboa."

"Nataka kiti," nikasema.

Simu ililia ndani. Upanga walikuwa wanauliza kulikoni. Bwana Maganga akatazama watu, na watu wakamtazama yeye, na nadhani angekuwa amezungukwa na watoto peke yao angeninyang'anya kwa nguvu. Lakini barazani palikuwa na wazee waliomwona akitoka kaburini na ukombozi wake mkononi. Sudi ndiye aliyeinuka. Alinipisha, akasimama ukutani, nami nikachomeka jostiki na kukaa.

Kisanduku kikapiga mluzi, kikakwaruza, taa ikawaka, na mbingu ikafunguka kwenye kioo. Kwa kule kukombolewa kote tulikuwa tumechelewa, na mtu wa Upanga alikuwa ameshapaa. Nilimwona kama nukta, juu yangu sana. Naye pia alichagua nzito. Naye pia alijua kupanda. Kwa hiyo siku niliyoitaka kuliko zote nilikaa mahali nilipokuwa nikiwaweka wenzangu, chini, nangoja kuchaguliwa.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona yeyote akilifanya mle ndani. Sikumwinulia pua na sikukunja. Niliinamisha pua kidogo tu, nikawa nashuka polepole, najiwekea mbio huku namtazama. Akashuka. Nukta ikawa ndege, ndege ikaota mabawa. Nyuma yangu watu walipiga kelele kunja, kunja, nami nikasubiri, maana ukikunja mapema naye anakunja na wewe, lakini akishakuwa na mbio nyingi kupita kiasi hawezi tena. Nikasubiri mpaka nilipoona moto wa bunduki zake, ndipo nikakunja mara moja kwa nguvu zote. Risasi zikapita kushoto. Naye akapita, akashuka chini yangu kwa kishindo.

Angejua kweli, angepanda na zile mbio zake akarudi juu, na mimi ningekuwa nimekwisha. Lakini hasira ya kukosa ilimshika. Akakunja kunifuata. Niliona mabawa yake yakisimama wima na ukungu ukitoka kwenye ncha, na nikajua kila kona anayoikunja anazilipa mbio zake zote. Mimi nikainua pua. Nilipanda, nikapanda, stebilaiza inanguruma chini ya meza na mimi naomba umeme usikatike. Alipomaliza kugeuka alikuwa chini, mzito, mbio hana. Nikageuza ndege tumbo juu na kuiachia imwangukie. Nikalenga mbele yake. Kwanza ulitoka moshi mwembamba, kisha bawa likang'oka.

Nikanyanyuliwa, fundi cherehani ndiye aliyeninyanyua, na sebule yote ilikuwa ikiruka, hata Sudi, hata Bwana Maganga aliyesahau habari ya pumzi na kukipiga kioo busu. Simu ikalia. Bwana Maganga akainua mkono watu wanyamaze, akashika mkono wa simu na kuupandisha hewani kidogo ili sote tusikie.

"Jamani, huyo mtu wenu nani?" ikauliza sauti ya kijana, inahema. "Hatujawahi kuona mtu anapigana hivi. Anaitwa nani?"

Bwana Maganga akanitazama. Ninakumbuka alinitazama, hakusahau. Kisha akasema, "Kijana wetu huyo. Anaitwa Sudi."

Wakacheka. Watu walewale walioninyanyua. Sudi akasukumwa mbele, akapewa simu, akatazama sakafu, akasema, "Ahsante, kaka." Nilimvuta Bwana Maganga shati. Akaniinamia na uso wa furaha kabisa.

"Utani tu, mtani. Kiti si umepata?"

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekunywa ushindi na soda ilikuwa bado haijaisha baridi yake, nilidhani ni kweli nimepata. Nikaenda barazani nikanywa soda yangu kando ya bibi. Habari zikatembea. Wiki haikuisha, vijana wa mitaa mingine wakawa wanakuja kumwona Sudi wa Kinondoni. Akapewa jina la Rubani. Mpaka leo, kwenye harusi za ukoo wetu, mtu mzima mwenye kitambi anaingia ukumbini na watu wanasema Rubani huyo, na watoto wake wanasimuliwa mbele yangu jinsi baba yao alivyowashusha Upanga. Naye ananitazama, anatabasamu kidogo, anaendelea kula pilau. Nikisema neno, naambiwa nina kinyongo cha kitoto.

Basi Jumapili ile niliweka kifuu chini, nikaingia chumbani kwa Zuhura na mikono ina machicha. Alikuwa juu, juu kabisa, anageuza ndege tumbo juu kama nilivyomfundisha tangu mguu wake haufiki sakafuni. Pembeni mwa kioo kulikuwa na majina ya wanaopigana. Nilitafuta lake sikuliona.

"Wewe uko wapi hapa?"

Akaonyesha kwa kidevu. Palikuwa pameandikwa Salim.

"Salim ndiye nani?"

"Mie, mama." Alisema bila kugeuka, kama mambo ya kawaida. "Nikiandika Zuhura hawaongeagi habari za ndege tena. Wanatukana, ama wanaomba namba ya simu. Ndiyo maana siongeagi pia. Ukiwa Salim wanakuacha."

Niliketi kitandani kwake. Miaka yote nilikuwa nimekasirikia kiti, na kiti nilikwishakipata. Nilikuwa na jostiki ile ndani ya kanga, mji mzima unanisubiri, bibi yuko upande wangu na sheria iko upande wangu, na ningeweza kutaja lolote nalo likakubaliwa. Nilikuwa mtoto, nikataja kiti. Sikujua kwamba jina nalo linashikwa na linakombolewa, na kwamba nisipolikomboa mimi siku ile, binti yangu angezaliwa akalikuta halipo, akajitafutia la mwanamume bila hata kuona uchungu.

"Inuka kidogo," nikamwambia.

"Mama, una machicha mikononi."

"Inuka. Jina linabadilishwa wapi?"

Akanionyesha, anacheka kwa wasiwasi. Nikafuta Salim herufi moja moja. Nikaandika Mwanaidi, na machicha yakabaki kwenye kibodi.

"Mama, watakutukana hao. Huwajui."

"Nawajua," nikasema, nikashika jostiki yake na kuinua pua. "Waache wanitukane wakiwa chini."